Beki Huenda kwa Vituo: Ushauri kwa Kijana wa Tabora Anayetaka Kucheza Nje

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa vijana wa Tabora, Urambo, Nzega na Kigoma ni moja, ingawa huulizwa kwa maneno tofauti: beki afanye nini ili akacheze soka la kulipwa nje ya nchi? Wengine hulifupisha zaidi wakauliza, nimpate wapi wakala? Makala haya yanajibu swali la kwanza, kwa kuwa ukilijibu hilo vizuri, la pili hujijibu lenyewe. Jibu kwa ufupi ni hili: mshambuliaji anaweza kuruka, lakini beki huenda kwa vituo. Anayekuahidi kukutoa leo Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi na kukufikisha Ulaya kesho, ama haujui mpira, ama anaujua vizuri mno mfuko wa baba yako.

Somo la njia ya misafara

Tabora ilikua ikawa mji kwa sababu ya vituo. Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo ulitembea takriban miezi mitatu kupitia Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, mahali tunapopaita Tabora leo. Hapo ulipumzika, ukabadili wapagazi na kufunga mizigo upya. Kutoka hapo wengine waliendelea Urambo, Uvinza na Ujiji, na wengine walishika njia ya kusini hadi Katanga, alikokwenda Msiri, mfanyabiashara aliyetoka huku magharibi akajenga dola yake Bunkeya. Wapagazi wa Kinyamwezi waliosifika katika njia hiyo hawakuwa watu wa kubebeshwa tu. Walipatana ujira kabla mzigo haujapanda begani, walijua posho yao ya njiani ni kiasi gani, na posho ikipunguzwa walishusha mzigo chini mpaka mambo yasemwe upya. Wengi waliondoka kiangazi baada ya mavuno, ili mvua za kulima ziwakute wamesharudi nyumbani.

Humo mna kanuni mbili zinazomhusu beki wa leo kuliko hotuba yoyote ya hamasa: safari ndefu hugawanywa kwa vituo, na mapatano hufanywa kabla ya kubeba. Yote yanayofuata ni ufafanuzi wa kanuni hizo.

Kwa nini beki haruki

Mshambuliaji akifunga mabao 20 kwa msimu, namba hiyo husafiri yenyewe. Kocha wa mbali huisoma kwenye karatasi akavutiwa kabla hajamwona mchezaji. Kazi ya beki ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo ambalo halikutokea halina video. Dakika tatu za picha zilizounganishwa kwa muziki zinaonyesha jinsi unavyoteleza kuchukua mpira, lakini hazionyeshi kama ulikuwa umesimama pabaya ndiyo maana ukalazimika kuteleza. Kocha mzoefu analijua hilo. Kwa hiyo anapotafuta beki huuliza maswali mengine: amecheza mechi ngapi mfululizo, katika ligi ya kiwango gani, na alifanya nini dakika ya 85 timu yake ikiwa mbele kwa bao moja?

Kuna sababu ya pili. Kosa la mshambuliaji ni nafasi iliyopotea, kosa la beki ni bao. Ndiyo maana makocha wengi huona taabu kumwamini beki mgeni asiyejua lugha ya wenzake, kwa kuwa safu ya ulinzi huendeshwa kwa mdomo: panda, rudi, mshike, mwache. Kijana wa miaka 19 akitolewa ligi ya mkoa akatupwa klabu kubwa ya Ulaya, kitakachomkuta ni benchi, na beki anayekaa benchi miezi kumi hurudi nyumbani akiwa dhaifu kuliko alivyoondoka. Dakika za mchezo ndizo mtaji wako. Kila uamuzi unaoletewa mezani, upime kwanza kwa swali hili: nitacheza?

Ushahidi: waliofika walipita wapi

Tazama safari ya Joseph Okumu, beki wa kati wa Kenya. Alianzia Chemelil Sugar, akaenda Free State Stars ya Afrika Kusini, kisha Marekani, ambako alipita AFC Ann Arbor, klabu ndogo ambayo wengi hawajawahi kuisikia, kabla ya kujiunga na Real Monarchs, iliyokuwa ligi daraja la pili wakati huo. Mwaka 2019, beki mwenzake Brian Mandela alipoumia katika maandalizi ya Kombe la Mataifa ya Afrika, Okumu akashika nafasi hiyo akacheza fainali zile za Misri. Mwaka huohuo alisajiliwa na Elfsborg ya Sweden, 2021 akaenda Gent ya Ubelgiji, na 2023 Reims ya Ufaransa. Vihesabu vituo hivyo. Nafasi ilikuja ghafla, lakini aliyeipokea alikuwa ameshaandaliwa na vituo ambavyo hakuna aliyempigia makofi alipokuwa akivipita.

Novatus Dismas wa kwetu ameifuata njia ya namna hiyohiyo. Kutoka Azam alipelekwa kwa mkopo Biashara United ya Mara, akaenda Israel kwa Maccabi Tel Aviv, na huko pia akatolewa kwa mkopo klabu ndogo ili acheze. Mwaka 2022 alikuwa Zulte Waregem ya Ubelgiji, 2023 akawa Shakhtar Donetsk akicheza Ligi ya Mabingwa Ulaya, na 2024 akahamia Göztepe ya Uturuki. Njiani alijifunza kucheza beki wa kushoto na kiungo wa ulinzi, na uwezo huo wa kuziba zaidi ya pengo moja ulimfungulia milango. Hata Mbwana Samatta, ambaye ni mshambuliaji, hakwenda moja kwa moja Ulaya. Alikaa Lubumbashi na TP Mazembe tangu 2011 hadi alipohamia Genk mwaka 2016. Lubumbashi iko Katanga, kulekule njia ya kusini ya misafara ilikoelekea.

Wengine walichagua kusini mwa Afrika kuwa kituo. Abdi Banda alitoka Simba mwaka 2017 kwenda Baroka ya Afrika Kusini, na Hassan Kessy alijiunga na Nkana ya Zambia mwaka 2018. Na usisahau kwamba Tanzania yenyewe ni kituo cha wenzetu: Henock Inonga wa Kongo alikuja Simba 2021, akacheza mashindano ya Afrika, na 2024 akahamia AS FAR ya Morocco. Kama beki wa Kinshasa ameitumia ligi yetu kupanda, kijana wa Tabora hana sababu ya kuidharau.

Vituo vyako, kimoja baada ya kingine

1. Shule na mtaa. UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), timu ya kata, ligi ya wilaya. Hapa jifunze kutumia miguu yote miwili, kupiga kichwa mpira ukiwa unarudi nyuma, na kuongea uwanjani. Beki bubu hapiti kituo cha pili.
2. Ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa na madaraja yanayofuata hadi Championship. Lengo ni misimu kamili. Mechi 25 ukianza zina thamani kuliko mechi 3 ukiwa na jezi ya klabu kubwa.
3. Ligi Kuu. Mechi zake huonyeshwa kwenye televisheni, kwa hiyo rekodi yako sasa ipo na inatafutika. Novemba 2024, Tabora United ilipoifunga Yanga 3-1, mabeki wake walitazamwa na nchi nzima bila kulipa hata senti ya matangazo.
4. Ligi ya kati nje ya nchi. Zambia, Afrika Kusini, Kongo, Misri, Morocco, au ligi za Ulaya zinazojulikana kwa kukuza na kuuza wachezaji, kama Sweden na Ubelgiji.
5. Ligi kubwa. Ukifika hapa hutahitaji makala haya.

Si lazima ukae kila kituo kwa miaka. Unachotakiwa ni kuondoka kituoni ukiwa unacheza kila wiki, usiondoke kwa kuwa umechoka kukaa benchi.

"Lakini umri utanipita"

Hii ndiyo hoja inayotolewa zaidi, na ina uzito. Klabu za nje hupenda vijana kwa sababu wanaweza kuwauza tena. Hata hivyo, beki hukomaa polepole na hudumu muda mrefu, kwani kusoma mchezo huongezeka miaka inavyokwenda, hata mbio zikianza kupungua. Ibrahim Sekagya wa Uganda, baada ya miaka kadhaa Argentina, alijiunga na Salzburg ya Austria mwaka 2007 akiwa mtu mzima wa miaka 26, akakaa huko hadi 2013, kisha akaenda New York Red Bulls. Kuondoka ukiwa na miaka 23 na misimu minne ya Ligi Kuu ni bora kuliko kuondoka na 18 ukiwa na ahadi tu.

Jibu baya kwa hofu ya umri ni kupunguza miaka. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka 17, waliondolewa katika fainali za Afrika za vijana kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri, na kosa la mmoja likawaangukia vijana wote waliokuwa wametoka jasho kufuzu. Siku hizi vipimo vya kifundo cha mkono hutumika katika mashindano ya chini ya miaka 17, na tarehe yako ya kuzaliwa hubaki kwenye mifumo ya usajili. Ukidanganya mara moja, utalazimika kuulinda uongo huo kwenye pasipoti, shule, benki na viza.

Karatasi kabla ya viatu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mwili wa mchezaji ni mali. Uhamisho mwingi hukwama kwa sababu ya karatasi wakati uwezo upo. Kusanya haya ukiwa bado Tabora:

- Cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA na pasipoti, vyote vikiwa na majina yaleyale, kwa mpangilio uleule na herufi zilezile. "Mohamed" kwenye cheti na "Muhammad" kwenye pasipoti ni watu wawili mbele ya afisa wa viza.
- Uthibitisho kwamba umesajiliwa TFF, shirikisho la soka nchini, kwa kila klabu uliyochezea, pamoja na msimu wake.
- Nakala ya mkataba wako wa sasa, ukurasa kwa ukurasa. Mchezaji asiye na nakala ya mkataba wake hajui amefungwa hadi lini.
- Rekodi za mechi nzima tatu au nne, zikiwemo zile ulizofungwa. Kocha anataka kuona unavyosimama baada ya kosa.
- Historia ya majeraha na matibabu.

Mzazi wa kijana aliye chini ya miaka 18 aijue kanuni moja kuliko zote: FIFA hairuhusu mchezaji wa umri huo kuhamishwa kimataifa, isipokuwa kwa vighairi vichache, kama familia kuhama kwa sababu zisizohusu mpira. Mtu akikuambia mwanao wa miaka 15 amepata "akademi" ya nje na tiketi iko tayari, anakuomba umtoe mtoto nje ya ulinzi wa kanuni. Mwaka 2015 iligundulika kwamba vijana kutoka Afrika Magharibi, wengine wa miaka 14, walikuwa wamepelekwa Laos kwa ahadi za namna hiyo na kuishi katika hali mbaya. Hawakutekwa. Waliziamini ahadi.

Wakala: maswali ya kumuuliza

Wakala mzuri ana kazi kubwa. Anafungua mlango ambao huwezi kuufungua mwenyewe, na anausoma mkataba kwa jicho la biashara. Lakini jina hilo limevaliwa na watu wengi wasiolistahili. Tangu 2023 FIFA imerudisha mtihani na leseni kwa mawakala, na orodha ya wenye leseni inapatikana wazi kwenye tovuti yake. Kabla ya chochote, fanya haya:

- Tafuta jina lake kwenye orodha hiyo. Usiridhike na kadi ya biashara wala picha aliyopiga na Samatta.
- Muulize mabeki gani amewahi kuwahamisha, kisha uwatafute wao wenyewe.
- Muulize, kwa maandishi, analipwa na nani katika dili hili: wewe, klabu, au wote wawili.
- Hakikisha mkataba wa uwakala hauzidi miaka 2, kwa kuwa ndio ukomo wa kanuni.
- Kama hujatimiza miaka 18, lazima mzazi au mlezi atoe idhini ya maandishi.

Zamani, msafara ukipita Ugogo ulilipa hongo kwa watawala wa njia, na neno hilo halikuwa na aibu: lilikuwa ushuru wa kupita, ukijulikana na wote. Leo neno limebadilika maana, na malipo yamebadilika sura. Huitwa "pesa ya faili", "pesa ya kurahisisha", "pesa ya kumshikia kocha nafasi". Klabu inayomtaka mchezaji kweli hugharimia majaribio yake au walau humwandikia barua. Wakala halali hulipwa dili likikamilika. Anayetaka shamba la tumbaku liuzwe kwanza anafanya biashara na familia yako, mpira hauhusiki.

"Lakini fulani alitoa pesa na akafika," utasema. Inawezekana. Hata katika kamari kuna anayeshinda, ila hatuiti kamari mpango wa maisha.

Majaribio: usipande ndege bila haya

1. Barua ya mwaliko kutoka klabu yenyewe, ikionyesha tarehe za kuanza na kumaliza. Iandikie klabu kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake rasmi, uulize kama barua hiyo ni yao.
2. Tiketi ya kwenda na kurudi, na tiketi ya kurudi uishike mwenyewe.
3. Viza inayolingana na safari. Viza ya utalii haikupi haki ya kufanya kazi, na muda wake ukiisha ukiwa huko, wewe ndiye mkosaji.
4. Jibu la maandishi kuhusu malazi, chakula na bima ya matibabu. Ukivunjika mguu siku ya tatu, nani analipa?
5. Ruhusa ya klabu yako ya sasa kama bado una mkataba. Kutoroka huacha kesi nyuma yako.
6. Nakala za hati zote kwa mtu wa nyumbani unayemwamini, pamoja na namba ya ubalozi wa Tanzania katika nchi hiyo au ya jirani.

Pasipoti yako ni yako. Mtu akiichukua "kuitunza", idai siku hiyohiyo.

Mkataba: ujira na posho

Hapa ndipo mpagazi wa karne ya 19 anapomshinda mchezaji wa leo. Yule alijua ujira wake kabla ya kuinua mzigo. Huyu husaini kwa lugha asiyoisoma, akiwa amesimama kati ya kamera na jezi mpya. Omba tafsiri na muda wa siku mbili. Klabu ikikataa kukupa siku mbili za kusoma, imekuonyesha mapema itakavyokutendea kwa miaka mitatu. Kagua haya:

- Mshahara. Ni kabla ya kodi au baada ya kodi? Kwa sarafu gani? Unalipwa tarehe ngapi?
- Muda. Kwa kanuni za FIFA mkataba hauzidi miaka 5, na kwa aliye chini ya miaka 18 hauzidi miaka 3. Angalia pia nani ana haki ya kuuongeza. Kipengele kinachoipa klabu peke yake haki hiyo ni kamba shingoni.
- Vipimo na kibali. Uhalali wa mkataba haupaswi kutegemea vipimo vya afya wala kibali cha kazi. Hivyo vimalizwe kabla ya kusaini, ili usije ukaambiwa baada ya wiki tatu kwamba goti lako "limekataa".
- Jeraha. Mshahara unaendelea? Upasuaji unalipwa na nani?
- Nyumba na tiketi za likizo. Kama ziliahidiwa kwa mdomo, ziandikwe.
- Bonasi. Beki akubali bonasi ya mechi alizocheza au mechi ambazo timu haikufungwa. Bonasi ya mabao ni pambo.
- Timu ikishuka daraja. Mshahara unabaki, unapungua, au una haki ya kuondoka?

Kusaini si kusajiliwa

Wengi hufikiri kazi imekwisha picha ikishapigwa. Tabora wana mfano wao wenyewe wa kuwakumbusha. Agosti 2023, Kitayosce, klabu iliyokuja kuwa Tabora United, iliingia uwanjani dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji 8 tu kwa sababu wengine hawakuwa wameruhusiwa kucheza. Mchezo ulivunjika kipindi cha kwanza Azam ikiongoza 4-0. Wachezaji walikuwepo na mikataba ilikuwepo, ila usajili haukuwepo. Kimataifa jambo hilo huwa kali zaidi, kwa sababu bila hati ya uhamisho wa kimataifa, ambayo viongozi wa klabu huiita ITC, huwezi kucheza mechi ya mashindano hata moja. Na dirisha la usajili likifungwa, unakaa miezi ukifanya mazoezi tu. Kwa hiyo uliza maswali mawili kila siku mpaka yajibiwe: ITC imefika? Kibali cha kazi kimetoka?

Miezi sita ya kwanza

Beki mgeni hupimwa kwa mambo madogo. Kabla hujaondoka, jifunze maneno 50 ya uwanjani ya lugha ya huko: kushoto, kulia, nyuma yako, peke yako, toka. Kwa mshambuliaji hayo ni mapambo, kwako ni kifaa cha kazi. Tarajia baridi, uwanja wenye kasi kuliko ardhi ya mchanga uliyozoea, na waamuzi wanaoadhibu mkono juu ya jezi ambao nyumbani haukuonekana. Tarajia pia kimya: watu wasiokusalimia asubuhi hawakuchukii, ndivyo walivyo.

Ukikosa nafasi baada ya nusu msimu, usinune, wala usipige simu redioni Dar es Salaam kulalamika. Omba mkopo. Novatus alikwenda kwa mkopo zaidi ya mara moja, na mkopo huo haukumpunguzia hadhi bali ulimwongezea dakika.

Kuhusu fedha, gawa mshahara wa kwanza kabla haujafika: sehemu ya kuishi, sehemu ya nyumbani, sehemu isiyoguswa. Kwa familia, taja kiasi kimoja cha kila mwezi na ukishike. Kijana anayetuma kila anachoombwa huishia kuogopa simu ya mama yake.

Mshahara usipolipwa

Mpagazi alishusha mzigo. Wewe pia unaweza, lakini kwa utaratibu. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikikawia kukulipa walau mishahara ya miezi miwili, unaiandikia notisi na kuipa siku 15 kamili ilipe. Isipolipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Ukiondoka kabla ya notisi hiyo, klabu ndiyo itakayokushtaki wewe. Tunza ujumbe, hati za benki na barua zote. Kesi hupelekwa kwenye mahakama ya soka ya FIFA ndani ya miaka 2, na mchezaji halipi gharama za shauri hilo. Mtanzania Simon Msuva aliidai Wydad Casablanca ya Morocco kwa njia hiyo akashinda, na Wydad ni klabu kubwa kuliko nyingi utakazokutana nazo. Chama cha wachezaji nchini, SPUTANZA, kipo kwa ajili ya mambo kama haya. Jiunge kabla hujapata tatizo.

Makosa yanayorudiwa

- Kumwiga Haji Mnoga, beki wa Taifa Stars. Amezaliwa Portsmouth na kukulia huko, kwa hiyo njia yake haikuhitaji viza. Yako inaihitaji.
- Kuchagua nchi kwa jina badala ya kuchagua klabu kwa nafasi ya kucheza.
- Kuacha shule kidato cha pili kwa sababu ya majaribio ya wiki mbili.
- Kuficha jeraha. Vipimo vya nje vitaliona, na utarudishwa ukiwa na doa la uongo.
- Kuona aibu ya kurudi. Shomari Kapombe alikwenda Cannes ya Ufaransa mwaka 2013, akarudi 2014 kujiunga na Azam, kisha akawa beki wa kulia wa Simba na Taifa Stars kwa miaka mingi, akicheza robo fainali za Afrika. Kurudi kwake kulikuwa kituo kingine.

Neno kwa klabu ndogo za Tabora

Kuna wanaouliza klabu ya mtaani inafaidika nini ikimlea kijana halafu akaondoka. Inafaidika ikiwa na daftari. Mchezaji akiuzwa kimataifa kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila msimu baada ya hapo. Klabu iliyokuwa naye tangu 16 hadi 19 hupata asilimia 2. Kwa uhamisho wa dola 1,000,000 hizo ni dola 20,000, fedha ya kununua mipira, jezi na kiwanja. Lakini mgao huo hufuata kumbukumbu za usajili. Kijana aliyecheza miaka minne bila fomu kupelekwa TFF, kwa hesabu hiyo hakucheza kwenu.

Ndiyo maana ukimaliza kusoma hapa, usianze kumtafuta wakala. Anza na cheti chako cha kuzaliwa. Linganisha jina na tarehe na kitambulisho cha NIDA, kisha nenda kwa katibu wa klabu yako umwombe akuonyeshe fomu yako ya usajili. Kama haipo, hicho ndicho kituo chako cha kwanza, nacho kiko hapahapa Tabora.